Nywele Nyekundu na Lugha ya Kazi: Uhakiki wa Video Fupi za Mafundi

Miongoni mwa video fupi zipitazo siku hizi katika simu za watu, iko aina moja ndogo ambayo yastahili kutazamwa na wahakiki, nayo ni ile ya fundi anayefanya kazi yake mbele ya kamera, na ambaye kwa bahati ya kuzaliwa ana nywele nyekundu. Huyu ni fundi wa kwato za farasi, yule ni mwashi, mwingine ni mwezekaji aliye juu ya paa au fundi bomba aliyelala chini ya sinki. Wengi wao hutoka katika nchi kama Ireland na Scotland, ambako nywele za namna hiyo ni nyingi kuliko kwingineko. Video yenyewe haizidi dakika moja au mbili, wala haina hadithi. Lakini watu huitazama, na miongoni mwao wamo Watanzania ambao hawajapata kuona farasi akichongwa kwato. Makusudi ya makala haya ni kuuliza mvuto huo watoka wapi, na kuupima kwa kipimo cha kwetu, yaani kwa mambo yaliyopata kuonekana Tabora na katika njia ile ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji.

Jibu jepesi la swali letu ni uhaba. Katika watu 100 duniani, wenye nywele nyekundu za asili hawazidi mmoja au wawili, na tangu mwaka 1995 wataalamu wameonyesha kwamba chanzo chake kikubwa ni mabadiliko katika jeni iitwayo MC1R. Kitu cha nadra huvuta jicho. Hili halina ubishi. Lakini uhaba peke yake hautoshi. Mtu mwenye nywele nyekundu aliyekaa kitini bila kufanya lolote hutazamwa mara moja tu, kisha kidole gumba husukuma kioo na mwingine akaja mahali pake. Tangu TikTok ilipotolewa nje ya China mwaka 2017, na Instagram ikafuata mwaka 2020 kwa kuweka sehemu yake ya video fupi, kidole gumba ndicho hakimu wa sanaa hii, na hakimu huyo hana subira. Basi yafaa tutenge mambo matatu ambayo watazamaji huyachanganya: rangi husimamisha jicho, kazi ya mkono hulizuia lisiondoke, na maneno ya kazi ndiyo humfanya mtazamaji arudi kesho kumtafuta fundi yule yule. Dai letu ni kwamba katika video nyingi za mafundi wa kwetu jambo la kwanza limetunzwa, la pili limekatwakatwa, na la tatu limetupwa.

Tuanze na rangi, maana hapo lugha yenyewe ina la kusema. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vyenye shina la asili na vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine zote ni majina ya vitu yaliyokopeshwa kazi ya kivumishi: manjano, kijani, kahawia, rangi ya chungwa, rangi ya majivu. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 ambazo Berlin na Kay walizichunguza kwa wasemaji wenyewe katika kitabu chao cha mwaka 1969 kuhusu majina ya rangi, na wasomaji wa jarida hili wanajua mabishano yaliyofuata. Kwetu la maana ni moja. Neno -ekundu limepewa eneo pana mno: udongo ni mwekundu, ng'ombe wa rangi ya kutu ni mwekundu, na mtu wa maji ya kunde huitwa mwekundu pia. Kwa hiyo Mswahili anapoziona nywele za mwashi wa Ireland, ambazo kwa kweli zi karibu na shaba kuliko damu, hasiti kusema ni nyekundu. Neno lilikuwa tayari kumpokea.

Lakini neno halikumpokea likiwa tupu. Katika kliniki za akina mama na watoto, nywele za mtoto zikigeuka kuwa nyekundu ni dalili ya unyafuzi, na mama huulizwa mtoto anakula nini. Na katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa, rangi ya mwili imepata kuwa hukumu ya kifo. Vikongwe waliuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa yameharibiwa na moshi wa jikoni. Tangu miaka ya 2006 na 2007 hivi watu wenye ualbino walishambuliwa na kuuawa, hata mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukateua mtaalamu wa kufuatilia haki zao ulimwenguni. Neno zeruzeru, ambalo kamusi za zamani zililiandika bila wasiwasi, sasa limeachwa katika maandishi ya heshima, na mahali pake pameshikwa na mtu mwenye ualbino. Mabadiliko hayo ya istilahi yalilipiwa kwa uhai wa watu. Nayataja haya kwa sababu wako wanaosema kwamba kuvutiwa na rangi ya mtu katika simu ni mchezo usio na neno. Jicho linalosimama kwenye rangi na kuishia hapo halijamwona mtu bado, na katika nchi yetu jicho la namna hiyo limepata kushika panga.

Sasa twende Tabora. Burton na Speke walipofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamekwisha tembea miezi kadhaa nyuma ya mtu ambaye, kwa istilahi ya leo, tungemwita fundi wa kuonekana. Mtu huyo ni kirongozi, ambaye katika vitabu vya wasafiri huandikwa kirangozi. Burton amemweleza kwa urefu katika kitabu chake kuhusu maziwa ya Afrika ya Kati, kilichotoka mwaka 1860. Kirongozi alivaa kipande chembamba cha joho jekundu, urefu wake futi sita hivi, kilichotobolewa katikati kupitisha kichwa, ncha zake zikining'inia mbele na nyuma. Kichwani alijifunga ngozi ya mbega au ya paka wa mwitu, na juu yake akachomeka manyoya ya bundi au ya korongo mwenye kishungi. Alishika bendera nyekundu ya Unguja, aghalabu imechanika kwa miiba, na nyuma yake alifuata mpiga ngoma. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia njiani. Aliyethubutu alitozwa faini, na mshale ulichomolewa katika podo lake ili atambulikane jioni msafara ukitua.

Msomaji aangalie jinsi wekundu ule ulivyofungwa na kazi. Joho halikuvaliwa kwa kupendeza tu. Mtu wa nyuma kabisa katika mstari mrefu wa wapagazi, aliyeinama chini ya mzigo wa ratili 70 au zaidi, alihitaji alama ya kumwambia msafara umeshika njia ipi penye njia panda. Watu wa kijiji walihitaji kujua kwa mbali kama wanaokuja ni wafanya biashara au ni vita. Na kirongozi mwenyewe alihitaji cheo kionekane, kwa kuwa alikuwa mpagazi kama wenzake na mzigo alibeba. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa karne ya 19, ameonyesha kwamba Wanyamwezi waliofanya kazi hii walikuwa wafanya kazi wa ujira wenye ujuzi, desturi na fahari ya kazi yao. Hawakuwa kundi la watu waliokusanywa hivi hivi. Basi wekundu wa kirongozi ulikuwa neno katika lugha ya kazi. Ulisomeka. Na haukusomeka peke yake: uliandamana na ngoma, na baragumu la pembe, na nyimbo za kupokezana ambamo mmoja alitoa na kundi likaitikia, na ndani ya nyimbo hizo yalikuwamo majina ya vituo, ya matajiri, ya vyakula na ya mizigo. Aliyesimama kando ya njia kutazama msafara ukiingia mjini alipewa rangi, mwendo na maneno kwa wakati mmoja.

Tusiipambe picha hii kupita kiasi. Bendera ile nyekundu iliongoza pembe za ndovu, na iliongoza vile vile watu waliotiwa utumwani. Kwa vijiji vingine kuiona kwa mbali kulitosha kuwakimbiza watu porini. Lakini hata hofu hiyo ni ushahidi kwamba alama ilieleweka. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya kirongozi katika njia hii ilikaribia kwisha, na msamiati wake ukaanza kuhama kutoka midomoni kwenda vitabuni. Twamshukuru Selemani bin Mwenye Chande, ambaye habari zake za safari za bara Velten alizichapisha mwaka 1901, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye maisha yake yalitolewa na Brode, kisha yakatafsiriwa na Whiteley na kuchapwa kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki miaka ya 1958 na 1959. Bila hao wawili tungekuwa na joho la kirongozi kwa maneno ya Burton tu, na sauti ya msafara kwa Kiswahili isingesikika.

Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo letu. Wekundu wa mwashi wa Ireland ni wa kuzaliwa. Hauhusiani na mawe anayoyapanga. Wekundu wa kirongozi ulikuwa wa kazi. Katikati yake upo wekundu wa tatu, wa kujipaka: ndevu za wazee wa Kiislamu zilizotiwa hina, ambazo zimeonekana pwani na katika miji ya bara iliyojengwa na misafara, na nywele ndefu za vijana wa Kimasai zilizosukwa na kupakwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Huu wa mwisho ndio ulio karibu zaidi na video tunazozihakiki, kwa sababu moja iliyo wazi: kijana wa Kimasai ameingia mijini na amekuwa fundi. Ni mlinzi, ni muuza dawa za miti na viatu vya matairi, na zaidi ya yote ni msusi. Mtu aliyejifunza kusuka nywele za wenzake wakati wa umorani sasa huwasuka wanawake wa Dar es Salaam na Unguja, na ujuzi wake umevuka njia ya zamani mpaka bara. Fundi wa nywele ambaye nywele zake au nguo zake ni nyekundu: kamera ingetaka nini zaidi?

Kamera imetaka, na imepata, lakini imechukua kidogo mno. Katika video za wasusi hao, mara nyingi sauti ya mahali pale imezimwa na wimbo umewekwa juu yake. Twaona vidole, twaona shuka, twaona kichwa cha mteja kikigeuzwa. Kisha picha inaruka, na nywele zimekwisha. Lakini msusi anaposuka husema. Hutaja mtindo, twende kilioni au yeboyebo au mabutu. Humwuliza mteja kama anaumia. Husema na mwenzake kwa Kimaa, kisha akarudi kwa Kiswahili kwa ajili ya bei. Mazungumzo hayo ni hazina ya mtaalamu wa lugha, na, kwa dai letu, ndiyo sehemu ya mvuto iliyo ya thamani zaidi. Yamefutwa ili wimbo wa wiki hii usikike.

Mfano ulio mashuhuri kuliko wote ni Kili Paul, mfugaji wa Mkoa wa Pwani, mkoa ule ule ambamo njia ya misafara ilianzia. Yeye pamoja na ndugu yake Neema walijulikana kuanzia mwaka 2021 kwa video ambazo ndani yake waliigiza kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, wakiwa katika mavazi ya Kimasai. Mwezi wa Februari 2022 Ubalozi wa India Dar es Salaam ulimtunukia heshima, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja wawili hao katika hotuba yake ya redio. Sina nia ya kumpunguzia sifa. Usahihi wa midomo yake katika lugha asiyozaliwa nayo ni ufundi wa kweli, na mwanafonetiki yeyote atakubali kwamba si jambo rahisi. Lakini yafaa kusema waziwazi nini kinachoonekana: shuka jekundu, uso mchangamfu, zizi au pori nyuma yake, na sauti ya mtu mwingine. Mfugaji yupo, ufugaji haumo. Yeye mwenyewe alichagua sanaa ya kuigiza na aliifanya vizuri. Kosa ni la kundi kubwa la waigaji waliomfuata, waliodhani kwamba siri ilikuwa shuka.

Na sasa neno moja, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Kamusi za Kiswahili zina neno ngeu. Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, analieleza kuwa ni udongo mwekundu ambao maseremala hutumia kutilia alama kazi yao. Uzi ulipakwa ngeu, ukavutwa juu ya ubao, ukainuliwa na kuachiwa, na mstari mwekundu ukabaki pale msumeno utakapopita. Neno hilo hilo lina maana ya jeraha la kichwa linalotoka damu. Yaani Kiswahili kilikuwa na neno la kifundi kwa wekundu wenyewe, na neno hilo lilikaa kwa raha kati ya ubao na kichwa. Siku hizi seremala wengi wana penseli, na kijana anayerekodi video ya seremala hana sababu ya kulijua neno hili. Lakini laiti fundi mmoja mzee angeachwa aseme anapovuta uzi wake, sauti ikabaki, tungekuwa na ushahidi wa neno lililo hai, au wa neno lingine lililochukua nafasi yake. Yote mawili ni faida. Wimbo ukiwekwa juu, hatuna hata moja.

Wako watakaojibu kwamba watazamaji wa ng'ambo hawajui Kiswahili, na kwamba wimbo ni lugha ya wote. Jibu hili lina sura ya busara, lakini linakanushwa na mfano tulioanza nao. Fundi wa kwato za farasi mwenye nywele nyekundu husema kwa lafudhi ambayo hata Waingereza wa miji mingine huikamata kwa shida. Hutaja visu vyake, hutaja sehemu za ukwato, hunung'unika, humtuliza farasi. Mtazamaji wa Tabora haelewi nusu yake, naye husikiliza mpaka mwisho, maana sauti ya mtu anayeijua kazi yake ina uzito ambao sikio hulitambua kabla ya maana. Ikiwa sisi twaweza kusikiliza lahaja ya Ireland tusiyoielewa, kwa nini Mwairlandi asiweze kusikiliza Kiswahili cha msusi? Kuzima sauti ya fundi wetu kwa ajili ya mgeni ni ukarimu ambao mgeni hakuuomba.

Jibu la pili, kwamba sekunde hazitoshi, nalo ni dhaifu. Wimbo wa kupokezana wa wapagazi ulikuwa na mistari mifupi kuliko video yoyote.

Kazi zinazofaa kutazamwa Tabora si haba. Seremala wa mninga ana randa, tezo, patasi, keekee, jiriwa na timazi, na kila chombo kina kitenzi chake na sauti yake. Mrina asali ana mzinga, ana moshi, ana masega na nta, ana majina ya miti ya miombo ambayo nyuki huipenda, na mengi ya majina hayo ni ya Kinyamwezi na hayana mwenzi katika Kiswahili sanifu. Katika video nzuri za kazi hii, ambazo ni chache, mrina huachwa azungumze na mwenzake aliye chini ya mti. Maagizo hupanda na kushuka pamoja na kamba, na mtazamaji hujifunza neno kwa kuona linatenda nini. Hakuna nywele nyekundu hapo. Ni usiku, na kilicho chekundu ni kaa la moto katika kienge. Nimezitazama mara nyingi kuliko zile za waashi wa Ireland, na sidhani ni kwa sababu ya uzalendo.

Kwa wanataaluma liko jambo la haraka zaidi ya ladha. Video hizi hukaa katika nyumba ya mwingine, na mwenye nyumba aweza kufunga mlango. Serikali ya India ilipoizuia TikTok tarehe 29 Juni 2020, mafundi na wakulima wa vijiji vyake waliokuwa wakijirekodi humo walipoteza ukumbi kwa siku moja. Chuo kinachokusanya msamiati wa kazi hakiwezi kutegemea kwamba kitakachotafutwa mwaka ujao kitakuwapo. Yapasa nakala zitunzwe kwa idhini ya mafundi wenyewe, zikiwa na sauti ya asili kabla haijafunikwa, na ziandikwe mahali, kazi, lugha zilizosemwa na tarehe. Hasa za wasusi, ambao kwa sasa husuka kwa lugha mbili au tatu katika kiti kimoja, na za maseremala wazee ambao huenda bado wanalo jina la uzi mwekundu.